MOTA INALIA, MOTOKARI HAIENDI
(Namna ya kutafuta kosa mbele ya kusukuma)



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za mpira wa miguu, za korali na za matokeo ya egzama. Leo sisi kapita, pamoja na mafinalisti wenzetu, tumeomba kurasa chache kwa kuandika juu ya kitu kingine: motokari inapokosa kushika njia. Pengine mmoja atasema, "Hiyo ni kazi ya shofere, si kazi ya mwanafunzi." Lakini motokari ikikwama, nani wanaitwa? Ni sisi. Kengele inalia, tunatoka mezani tungali na kijiko mkononi, tunaenda kusukuma. Basi yule anayesukuma anapashwa kujua anasukuma nini na juu ya nini.

Ninyi nyote mnakumbuka ule usiku wa mwezi wa 11, mwaka 2023. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa 7 alishikwa na tumbo saa ya masomo ya jioni. Mganga wa dispanseri alimgusa, akasema ni apandisiti, na inapashwa kumpeleka hospitali usiku ule ule. Pikapu ikatoka saa 20, ile Land Cruiser mnayoijua. Shofere wa siku zote alikuwa safarini, na yule aliyeshika usukani hakuizoea motokari hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha toka mchana. Kwenye mlima wa kwanza, kilometa mbili toka hapa, ikakwama.

Tukaitwa. Tulienda watu zaidi ya 40. Tulisukuma kwa nguvu zote na kwa nyimbo zote. Mota ililia mpaka ikatoa moshi, potopoto ikaturukia vinywani, jiwe likaruka toka chini ya gurudumu likampasua ndugu mmoja mguu chini ya goti. Na mtoto amelala ndani, anaugua. Masaa matatu yakapita namna ile.

Kisha akapita mzee mmoja kwa miguu, mtu wa kijiji cha karibu, ambaye zamani alikuwa anaendesha kamyo za kahawa mpaka Butembo. Hakusukuma. Aliomba tochi, akauliza swali moja tu: "Batoto, mipira ya mbele inazunguka?" Tukaangaliana. Hapana mtu aliyejua, sababu sote tulikuwa nyuma. Mzee akainama kwa gurudumu la mbele, akageuza kitu fulani kwa mkono, akafanya vile vile upande wa pili. Akamwambia shofere aondoke polepole, pasipo kukanyaga sana. Motokari ikapanda, na hapana hata mmoja wetu aliyeigusa.

Mdogo wetu alipasuliwa alfajiri, akapona, na leo anacheza mpira. Lakini mganga alituambia nyuma kwamba apandisiti ikipasuka ndani ya tumbo, mtu anaweza kufa. Sisi tulisema matope yalitukula masaa matatu. Si kweli. Masaa yale tuliyakula sisi wenyewe kwa kutojua. Ndiyo maana tulirudi kwa yule mzee, tukaenda pia kwa fundi wa garaji siku za Jumamosi, tukauliza, tukashika vyuma kwa mikono. Yale tuliyojifunza kwao, na kidogo katika fizikia, tunayaandika hapa.

1. SWALI LA KWANZA: NI NINI KINACHOZUNGUKA?

Watu wengi wakisikia mota inalia na motokari haiendi, wanasema neno moja: "Imekwama." Kumbe kuna magonjwa mawili yenye sauti moja.

Nguvu ya mota haifiki chini kwa siku moja, kama tukisema hivyo. Inapita milango. Inatoka kwa mota, inapita katika ambreyaji, inaingia katika bwati ya vitesi, inatoka kwa kardani (kile chuma kirefu cha mviringo chini ya motokari), inafika kwa diferansieli (kile kichwa kinene katikati ya magurudumu ya nyuma), inagawanyika katika vyuma viwili vya ndani, kimoja kuume na kimoja kushoto, inafika kwa gurudumu, na mwisho gurudumu linashika udongo. Mlango mmoja ukifungwa, yote inakuwa bure.

Basi mtu mmoja asimame kando, mbali kidogo, na tochi ikiwa ni usiku. Shofere atie vitesi ya kwanza na kuachia ambreyaji polepole, mara moja tu. Yule wa kando aangalie vitu viwili: magurudumu na kardani. Asiingie chini ya motokari hata kidogo.

a) Magurudumu hayazunguki, na kardani haizunguki: kosa liko juu, katika ambreyaji au katika bwati.
b) Kardani inazunguka, magurudumu hapana: kitu kimevunjika katika diferansieli au katika vyuma vya ndani.
c) Magurudumu yanazunguka, motokari inabaki: mota ni nzima, kosa liko kati ya gurudumu na udongo.

Mpaka mmejua jibu, msisukume. Katika (a) na (b) hata kijiji kizima kikisukuma, mtaisukuma mpaka hospitali.

2. MAGURUDUMU YAKIWA HAYAZUNGUKI

Kwanza angalieni fimbo ndogo, ile ya pembeni ya fimbo ya vitesi. Katika motokari kama yetu fimbo ile ina mahali pa katikati ambapo nguvu haiendi mbele wala nyuma. Goti la mtu au gunia likiisukuma hapo, mota italia siku nzima na kitu hakitazunguka. Ni kosa la kucheka, lakini fundi anasema amekwisha kuitwa mbali juu ya kosa hilo, akalitengeneza kwa vidole viwili.

Kama fimbo iko sawa, fikirini ambreyaji. Ambreyaji ni kama mikono miwili inayoshikana: disiki yenye nyama ya kukwaruza inabanwa kwa nguvu juu ya sahani ya mota. Nyama ikiisha, mikono inateleza. Dalili zake ni hizi: mota inaongeza sauti lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani na mzigo; na harufu ya kitu kilichoungua inaingia ndani. Dalili hizo huanza siku nyingi mbele ya motokari kusimama kabisa, lakini tunazizoea.

Jaribio ni rahisi. Mahali pa tambarare, vuta freni ya mkono kwa nguvu, hakikisha hapana mtu mbele wala nyuma, tia vitesi ya tatu, toa mazutu kidogo, halafu achia ambreyaji polepole. Mota inapashwa kuzimika. Ikiendelea kulia kama haikusikia kitu, disiki inateleza. Fanyeni mara moja tu, sababu kila jaribio linaikula disiki zaidi.

Sababu ya kuteleza si moja. Pengine pedali haina tena nafasi ya bure, zile milimeta chache ambazo mguu unashuka mbele ya kusikia ugumu. Basi disiki haibanwi yote, na kurekebisha tu kunatosha. Pengine mafuta ya mota yanavuja kwa kizibo cha nyuma na kulowesha disiki. Ukibadilisha disiki pasipo kubadilisha kizibo, utarudi garaji. Mara nyingi disiki imekwisha tu, nayo inakwisha upesi kwa shofere anayeweka mguu wake juu ya pedali safari nzima kama mtu anayepumzika. Mguu wa kushoto, kazi ikiisha, unapashwa kurudi chini.

Na kama kardani inazunguka lakini magurudumu hapana, hata kwenye lami kavu, mara nyingi kimoja cha vile vyuma vya ndani kimekatika. Hapo hapana dawa ya njiani, ila katika motokari yenye nguvu mbele na nyuma: magurudumu ya mbele yanaweza kuivuta polepole mpaka nyumbani.

3. MAGURUDUMU YAKIZUNGUKA BURE

Huu ndio ugonjwa wa milima yetu wakati wa mvua. Tuufuate kwa hesabu. Mwalimu wa fizikia atusamehe: tutapima nguvu kwa kilo, sawa sokoni, yeye anapenda niutoni.

Gurudumu halina nguvu zaidi ya ile ambayo udongo unairudishia. Udongo unarudisha kadiri ya vitu viwili: uzito unaokanyaga gurudumu, na namna ya njia. Kwenye lami kavu mpira unaweza kushika karibu 0,7 ya uzito wake, hata zaidi. Kwenye udongo mwekundu uliolowa tuseme 0,2.

Tuseme pikapu na mzigo wake ina kilo 3.000, na 1.800 kati ya hizo zinakanyaga nyuma. Mlima unapanda mita 10 kwa kila mita 100. Kwa kupanda tu inaomba nguvu ya kilo 300. Matope nayo yanashika magurudumu, tuongeze 150. Jumla 450.

Magurudumu ya nyuma peke yake yanatoa 1.800 × 0,2, ni kusema 360. Inakosa 90. Hapo hata ukiwa na mota ya treni haitasaidia, sababu si mota inayokosa nguvu. Ni udongo unaokataa.

"Basi tusukume!" Sawa. Nyuma ya pikapu wanaingia watu wanane. Wale wengine 32 wanaimba. Lakini miguu yetu nayo imesimama juu ya udongo ule ule. Mwanafunzi wa kilo 50, kwa 0,2, anatoa kilo 10 tu, halafu anateleza na kupiga magoti. Wanane wanatoa 80. Bado 10 zinakosa! Matope yanayokataa mpira yanakataa vilevile mguu wa mtu. Ndiyo sababu masaa matatu tulikuwa karibu tu kushinda, na hatukushinda.

Sasa fungeni magurudumu ya mbele pia. Kilo zote 3.000 zinafanya kazi: 3.000 × 0,2 ni 600. Zinazoombwa ni 450. Motokari inapanda, na sisi tunabaki njiani na mikono michafu, kama ilivyokuwa.

Jambo jingine: gurudumu linaloteleza na kuzunguka kwa kasi linashika kidogo kuliko lile linalobingirika polepole. Tena linachimba, linasugua udongo mpaka unang'aa kama sahani, na linajaza matope katika mitaro ya mpira. Kila mara shofere anapokanyaga mazutu kwa hasira anapunguza ile 0,2. Hasira haishiki njia.

4. JUU YA NINI GURUDUMU MOJA LINAZUNGUKA NA LINGINE LIMELALA?

Wengi walishangaa usiku ule: gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa linazunguka kama kinu, la kuume limesimama kimya juu ya udongo mzuri. Hii ni kazi ya diferansieli, na si kosa lake.

Motokari ikikata kona, gurudumu la nje linapita njia ndefu kuliko la ndani. Yakifungwa pamoja, moja litakwaruza. Mtengeneza saa mmoja Mfaransa, jina lake Onésiphore Pecqueur, alitengeneza karibu na mwaka 1827 meno ya chuma ambayo yanaruhusu kila gurudumu kwenda na mwendo wake. Kwa kona ni akili kubwa. Kwa matope ni taabu, sababu diferansieli ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa: haiwezi kumpa wa kuume zaidi ya kile wa kushoto anachoweza kupokea. Wa kushoto akiwa ndani ya utelezi hana anachopokea, basi na wa kuume anabaki njaa.

Kwa hiyo gurudumu la kushughulikia ni lile linalozunguka, si lile lililosimama. Tuliona wandugu wengine wakitia majani chini ya gurudumu la kuume, sababu lilikuwa safi na rahisi kufikia. Ilikuwa kazi bure.

Mzee alitufundisha pia ujanja mmoja. Katika motokari ambazo freni ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, shofere anaivuta kidogo tu wakati wa kuondoka. Lile linalozunguka bure linapata uzito wa kupigana nao, na sehemu ya nguvu inakwenda kwa mwenzake. Kidogo tu, tena kwa muda mfupi, kama sivyo unaunguza freni.

5. KRABO, NA KILE MZEE ALICHOGEUZA

Shofere wetu wanasema "kutia krabo" kwa kuunganisha magurudumu ya mbele na mota. Usiku ule krabo ilikuwa imetiwa. Yule aliyeshika usukani alivuta fimbo, akaamini kwamba magurudumu manne yanafanya kazi. Hatumhukumu, sisi 40 tulikuwa na macho 80 na hatukuona zaidi yake.

Katika Land Cruiser nyingi za namna hii, katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifuniko kidogo cha kugeuza kwa mkono. Juu yake kumeandikwa FREE, maana yake huru, na LOCK, maana yake kufungwa. Kikiwa huru, gurudumu la mbele linabingirika peke yake na chuma cha ndani kinapumzika. Inafaa njia kavu. Lakini hapo ukitia krabo, kardani ya mbele inazunguka, vyuma vya ndani vinazunguka, na gurudumu lenyewe halipati kitu. Shofere ndani hawezi kujua. Inapashwa mtu ashuke na kugeuza vyote viwili, cha kuume na cha kushoto. Kimoja hakitoshi, sababu mbele nako kuna diferansieli.

Mzee alifanya kazi hiyo kwa dakika mbili. Sisi tulikuwa tunaijua neno LOCK toka mwaka wa kwanza wa Kiingereza.

Lakini angalieni: mkifika njia kavu na ngumu, toeni krabo. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayapiti njia moja kwenye kona, na udongo mkavu hauyaruhusu kuteleza kidogo. Vyuma vinajisokota na mwisho vinavunjika. Dawa ya matope ni sumu ya lami.

6. DAWA KWA UTARATIBU WAKE

Kama magurudumu yanazunguka bure, fuateni utaratibu huu, toka kitu chepesi mpaka kigumu:

Kwanza, ondoa mguu kwa mazutu. Kila dakika ya kuzungusha ni sentimeta nyingine za kuchimba.

Pili, shukeni na kuangalia. Gurudumu gani linazunguka? Tumbo la motokari limelala juu ya matope? Likiwa limelala, uzito haukanyagi tena magurudumu, unakanyaga tumbo. Hapo hapana dawa ila kuchimba na kutoa udongo ule chini, mota ikiwa imezimwa.

Tatu, fungeni vitovu vya mbele, tieni krabo, wekeni mwendo mfupi wa fimbo ndogo, na kuondoka na vitesi ya pili badala ya ya kwanza ikiwezekana. Nguvu ndogo na laini inashika kuliko nguvu kubwa ya ghafula.

Nne, safisheni mitaro ya mpira kwa kijiti, chimbeni njia fupi mbele ya kila gurudumu, kisha wekeni mawe madogo, matawi, magunia au mbao. Vitu viingizwe mpaka viguse mpira. Vikiwekwa mbali havitapandwa.

Tano, punguzeni pepo. Mpira wenye bari 2,5 au 3 ukishushwa mpaka 1,5 unakanyaga mahali parefu zaidi. Msishuke chini ya bari 1, sababu mpira unaweza kutoka kwa chuma chake. Kisha mwende polepole, na kujaza tena upesi. Asiye na pompi asipunguze.

Sita, motokari ikiweza kusogea kidogo, shofere aipeleke mbele na nyuma polepole, mpaka ipate njia yake. Au irudi nyuma kabisa na kutafuta mahali pengine. Kurudi nyuma si haya.

Saba, minyororo ya kuvalisha magurudumu, ile tunayoiona kwa kamyo za njia ya Manguredjipa, inashika vizuri. Lakini inavalishwa mbele ya kuingia shimoni, si nyuma.

Na mbele ya yote hayo kuna mpira wenyewe. Mpira uliokwisha kuwa laini kama upara hautasaidiwa na utaratibu wowote. Katika nchi za Ulaya sheria inakataa motokari ndogo kutembea na mitaro ya chini ya milimeta 1,6, na hiyo ni kwa lami. Kwa matope yetu inahitajiwa zaidi sana.

7. MOTOKARI ZENYE TAA YA KUTELEZA

Motokari za siku hizi zina taa ndogo mbele ya shofere, yenye picha ya motokari na mistari ya kupinda nyuma yake. Ni ishara ya chombo kinachozuia kuteleza. Kila gurudumu lina kijicho cha umeme kinachohesabu mzunguko. Gurudumu moja likizunguka kuliko mengine, chombo kinapunguza nguvu ya mota au kinafunga freni ya gurudumu lile peke yake. Ni ule ujanja wa mzee wa freni ya mkono, lakini chombo kinaufanya haraka kuliko mtu.

Taa ikiwaka na kuzimika wakati wa utelezi, chombo kinafanya kazi. Ikibaki inawaka siku zote, kuna kosa: mara nyingi kijicho kimejaa matope, waya umekatika, au mpira mmoja una kipimo kingine. Osheni, angalieni waya, linganisheni mipira, mbele ya kununua kitu. Tena katika matope mazito chombo hiki kinaweza kukata nguvu kabisa mpaka motokari isimame. Ndiyo maana nyingi zina kitufe cha kukizima. Mkitoka, kiwasheni tena.

8. SHERIA ZA KUSUKUMA

Kama kapita tunasema haya kwa mkazo, na toka sasa tutayafuata pasipo ubishi:

Hapana mtu nyuma ya gurudumu linalozunguka. Ndugu yetu bado ana alama mguuni. Kama jiwe lile lingeruka juu zaidi, lingempiga jicho.

Mlimani, mmoja mkubwa ashike kale, kile kipande cha mti cha kuzuia gurudumu, na asimame kando, tayari kukitupia nyuma ya gurudumu motokari ikianza kurudi. Pasipo kale hatusukumi mlimani, hata tukiamriwa na nani.

Kamba au kebo ikivutwa, wote mbali. Ikikatika inapiga kama fimbo.

Hapana mtu chini ya motokari iliyosimama juu ya kriki peke yake.

Mtu mmoja tu ndiye anayetoa amri. Usiku ule walitoa amri watu saba, na shofere alimsikia kila mmoja.

Wandugu, katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza na kuhesabu. Hatukuketi. Tulikuwa na upendo kwa mdogo wetu, tulikuwa na nguvu, tulikuwa na nyimbo. Kilichokosa ni mmoja wa kusimama kando na kuuliza ni nini kinachozunguka.

Tunamaliza na maombi mawili. Kwa Bwana Prefe: tunaomba karatasi moja ibandikwe ndani ya pikapu, mbele ya macho ya kila anayeshika usukani, yenye maneno haya tu: VITOVU, KRABO, POLEPOLE, na nyuma ya kiti kuwe siku zote na kale, pauro, magunia mawili na tochi yenye mawe mazima. Kwa wandugu wanafunzi: salongo ya Jumamosi ijayo itakuwa kwenye ule mlima. Tutafungua mitaro ya kando ili maji yasilale tena njiani, na kila mmoja atabeba mawe mawili toka mtoni, wa internati na wa nje. Maana dawa nzuri kuliko zote ni njia isiyokusanya maji.

Saa 7 asubuhi, mbele ya kapela. Kapita atahesabu mawe.